Mama ana valvu ya chuma, anameza warfarini, na sasa amepewa unga wa mitishamba: jibu kwa msomaji wa Tandahimba

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 58 na tunaishi Tandahimba. Alibadilishiwa valvu ya moyo, ile ya mitrali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, akawekewa ya chuma, na tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 5 kila jioni. Kipimo chake cha mwisho cha INR, kile kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, miezi miwili iliyopita, kilisoma 2.8. Hivi karibuni muuza dawa za asili mnadani alimpa unga wa kitunguu saumu, tangawizi, manjano, pilipili manga na majani ya mlonge, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, akamwambia kwamba unasafisha mishipa na kwamba akimaliza kopo la pili ataachana na vidonge vya hospitali. Sasa ni wiki ya pili, na fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Kliniki nako walishamkataza mboga za majani, wakati yeye hakai bila kisamvu. Je, unga huu una madhara? Ipo mitishamba inayoufaa moyo? Na hakuna vidonge vipya visivyo na masharti haya?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na jambo la kufanya leo, kwa sababu maelezo mengine yote yanaweza kusubiri. Unga huo usimamishwe sasa hivi, lakini msiutupe, kwani daktari anaweza kutaka kuuona. Kabla ya saa ya kumeza kidonge cha jioni, mpigie simu daktari au muuguzi wa kliniki anakohudhuria mama, umweleze kwamba fizi zinatoa damu na kwamba kwa wiki mbili amekuwa akitumia mchanganyiko wa mitishamba. Yeye ndiye atakayesema kama kidonge cha leo kimezwe kama kawaida, kipunguzwe au kirukwe. Nyumbani msiamue wenyewe, si kuongeza wala kuacha. Kesho asubuhi mama akapimwe INR. Kwa kuwa si kila kituo kina kipimo hicho kila siku, ulizeni kwanza kwa simu kama kinapatikana hospitali ya Ndanda, ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, msije mkalipa nauli ya bure.

Fizi kutoa damu peke yake huenda ikawa ni ugonjwa wa fizi tu, na mara nyingi si dharura. Lakini akiona choo cheusi kama lami au mkojo wenye damu, akitapika damu, pua ikitoka damu na isikome baada ya kubanwa kwa dakika 10, akipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, akianguka na kujigonga kichwa, au mdomo ukapinda na mkono kuishiwa nguvu, hapo msisubiri simu ya kliniki wala kupambazuka. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mkifika tu mtaje neno warfarini kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa nieleze kwa nini kauli ya kuachana na vidonge inanitisha kuliko kitu chochote kilichomo ndani ya kopo. Damu imeumbwa igande pale inapokutana na kitu kisicho ngozi ya ndani ya mshipa, na valvu ya chuma ni kitu cha namna hiyo kilichokaa katikati ya moyo usiku na mchana. Bila dawa, donge la damu linaweza kujijenga juu ya valvu likaizuia kufunga na kufunguka, au likakatika kipande kikasafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwenye nafasi ya mitrali hatari hiyo ni kubwa kuliko kwenye valvu ya mlango wa kutokea moyoni, kwa sababu damu hupita hapo kwa mwendo wa polepole zaidi. Ndiyo maana mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1, ilhali mwenye valvu ya chuma ya mitrali hutakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Ile 2.8 ya mama ilikuwa nzuri. Ikishuka chini ya lengo, donge linakaribia, ikivuka 4.5, hatari ya kuvuja damu inapanda haraka. Hakuna mmea wowote, wa hapa kwetu au wa nchi nyingine, uliothibitishwa kuishika INR ya mgonjwa wa valvu ya chuma ndani ya nafasi hiyo nyembamba. Asemaye upo anahatarisha maisha ya mgonjwa, hata kama nia yake ni njema.

Ili uelewe unga huo ulifanya nini, inafaa kujua kwamba damu huganda kwa kazi mbili zinazokwenda pamoja. Mshipa ukijeruhiwa, chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia pale, zikanatana na kuziba tundu. Wakati huohuo protini za kugandisha, ambazo hutengenezwa na ini, husuka nyuzi za kuzishikilia chembe hizo. Ni kama kiambaza cha nyumba ya miti, ambamo nyuzi ndizo fito na chembe sahani ndizo udongo. Warfarini hupunguza fito. Inalizuia ini lisiitumie vitamini K kukamilisha protini nne, yaani zile zenye namba 2, 7, 9 na 10, na kwa kuwa protini zilizokwisha kutengenezwa huendelea kuzunguka kwa siku kadhaa, badiliko lolote la dozi huchukua siku tano hivi kuonekana kikamilifu. Aspirini hugusa udongo: huzilemaza chembe sahani kwa muda wote wa uhai wao, ambao ni kama siku 7 hadi 10.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, na ambalo kwa unga wa mama ndilo kiini cha mambo, ni kwamba INR hupima fito peke yake. Haioni udongo. Mgonjwa anaweza kupimwa akakutwa na 2.8 safi kabisa, akarudi nyumbani amefurahi, kumbe chembe sahani zake zimelegezwa na kitu kingine na yuko karibu kuvuja damu kuliko namba inavyoonyesha. Kwa hiyo kesho mkipata INR iliyo ndani ya lengo, msiichukue kuwa ushahidi kwamba unga haukuwa na neno.

Kitunguu saumu ndicho ninachokishuku zaidi katika kopo hilo. Kibichi kikisagwa hutoa kemikali za salfa, mojawapo ikiitwa ajoeni, ambazo huzizuia chembe sahani zisinatane. Kuna taarifa ya kitabibu ya mwaka 1990 ya mzee wa miaka 87 aliyevuja damu ndani ya uti wa mgongo bila kuumia popote, na madaktari wake walikihusisha kisa hicho na mazoea yake ya kula punje nne hivi za kitunguu saumu kila siku. Kisa kimoja hakithibitishi jambo, lakini kinalingana na yale yanayoonekana maabara, na ndiyo sababu madaktari wengi wa upasuaji huwataka wagonjwa waache vidonge na unga wa kitunguu saumu angalau siku 7 kabla ya kisu. Punje mbili zilizokaangwa katika mchuzi wa samaki ni habari nyingine kabisa. Moto hupunguza sana nguvu hiyo, hasa punje zikipikwa bila kupondwa, na mama hana sababu ya kubadilisha mchuzi wake.

Tangawizi haina kesi nzito. Maabara inaonyesha kwamba nayo hugusa chembe sahani, lakini kwa binadamu majaribio yametoa matokeo yanayopingana, na kikombe cha chai ya tangawizi sijawahi kukikataza. Manjano yana habari ndefu zaidi. Kiungo chake kikuu, kurkumini, hufyonzwa vibaya sana tumboni, na kwa sababu hiyo manjano ya kwenye pilau hayasumbui mtu. Lakini ukiyachanganya na pilipili manga, kama alivyofanya muuzaji wenu, hali inabadilika: piperini iliyomo kwenye pilipili manga huzuia mwili usiivunje kurkumini, na katika jaribio moja la watu wazima wenye afya kiasi kilichoingia kwenye damu kilipanda kama mara 20. Piperini hiyohiyo inaweza kuvigusa vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa wa warfarini, ambaye INR yake ilikuwa imetulia, kuanza kutumia bidhaa ya manjano na baada ya wiki chache akakutwa na INR iliyozidi 10. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuvuja damu ndani ya kichwa akiwa amekaa kitini.

Majani ya mlonge yanaelekea upande wa pili. Ni majani ya kijani kibichi, na majani ya kijani kibichi yana vitamini K, ambayo huipinga warfarini. Kwa hiyo ndani ya kijiko kimoja mama alikuwa anameza kitu kinachozilegeza chembe sahani, kitu kinachoweza kuipandisha INR, na kitu kinachoweza kuishusha, kila kimoja kwa kiasi ambacho hata muuzaji hakijui. Ukiniuliza kesho INR itasoma ngapi, sitabahatisha. Lipo pia jambo la ubichi na ukavu wa majani yenyewe, na hapa historia ya warfarini ina somo ambalo wauza dawa za asili wangefaidika nalo. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani makavu ya mmea uitwao melilotasi. Walipoula mbichi hawakudhurika. Waliougua ni wale waliolishwa majani yaliyonyeshewa na kuota ukungu, kwa sababu ukungu uligeuza kumarini, kemikali ya harufu nzuri isiyogandua damu, kuwa dikumaroli, ambayo huzuia damu isigande. Kundi la Karl Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin liliitenga kemikali hiyo, na kutoka kwayo wakatengeneza warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mmea ulikuwa uleule mmoja, na tofauti kati ya chakula na sumu ilikuwa namna ulivyokaushwa na kuhifadhiwa. Unga uliosagwa msimu wa mvua na kukaa kwenye kopo la plastiki juani mnadani hauna mtu anayeweza kukueleza umefikia wapi.

Usidhani ninaidharau dawa ya asili. Dawa za moyo zenyewe zimetoka huko. Digoksini, ambayo wagonjwa wengi wa moyo wanaimeza, inatokana na mmea wa Ulaya uitwao dijitali. Mwaka 1775 daktari Mwingereza William Withering aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire, iliyokuwa ikiwaponya watu waliovimba mwili kwa sababu ya moyo dhaifu. Ilikuwa na mitishamba zaidi ya 20. Withering alitambua kwamba unaofanya kazi ni mmoja tu, akatumia miaka kumi kutafuta kiasi kinachoponya bila kuua, na kitabu chake cha mwaka 1785 kinaeleza hata wagonjwa waliodhurika. Karibu na kwetu zaidi upo mmea wa strofantasi, mtambaa wa misitu ya kusini mwa Afrika ya Mashariki, ambao wawindaji wa pande za Zambezi na Shire walipaka sumu yake kwenye mishale na kuiita kombe. Daktari John Kirk, aliyefuatana na David Livingstone (huyohuyo aliyeanzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866), alibeba sampuli ya sumu hiyo pamoja na mswaki wake, na alipopiga mswaki aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na mmea huo ikapatikana strofanthini, iliyotumika hospitalini kwa miongo mingi. Kilichoiua nyati na kilichomsaidia mgonjwa kilikuwa kitu kimoja, na aliyeweza kuvitenganisha ni yule aliyepima.

Kwa maana hiyo sikubaliani na hoja kwamba dawa ikiwa ya asili basi ni ya upole, na vilevile sikubaliani na wenzangu wanaomfokea mgonjwa akitaja mitishamba, kwa sababu mgonjwa aliyefokewa ataendelea kuitumia kimyakimya, na kwa mtumiaji wa warfarini kimya hicho ndicho hatari. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mna haki ya kumuuliza muuzaji usajili wake na kumtaka aandike yote aliyoyachanganya. Naongeza tahadhari moja: duniani kote zimewahi kukamatwa dawa za unga zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni, dawa za hospitali za kutuliza maumivu na uvimbe, ili mgonjwa aone nafuu ya haraka. Kama mama alihisi maumivu ya viungo yameisha ghafla alipoanza unga huo, mwambieni daktari, maana diklofenaki pamoja na warfarini ni mchanganyiko wa kutokwa damu tumboni.

Nikigeukia kisamvu, hapa nitatofautiana na mlivyoambiwa kliniki, ingawa naelewa walikotoka. Vitamini K ipo kwa wingi kwenye mboga za majani, hilo ni kweli. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takribani mikrogramu 1,140, na matembele mabichi kama 300, wakati mwanamke mzima anahitaji kama 90 tu kwa siku. Kupika hakuiondoi, na kwa kuwa vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta, mboga iliyoungwa kwa tui la nazi au karanga huingia mwilini vizuri kuliko ile ya chukuchuku. Muhogo, ming'oko, wali na samaki havina vitamini K ya kumsumbua mtu. Korosho zinayo kidogo, kama mikrogramu 34 kwa gramu 100, na konzi moja haibadilishi chochote.

Lakini kutokana na hayo mtu hapaswi kukimbilia kusema mboga ziachwe. Dozi ya warfarini hupangwa kulingana na mwili na chakula cha mgonjwa. Kama mama anakula bakuli la kisamvu siku nne kwa wiki na dozi imepangwa akiwa katika ulaji huo, kisamvu hakimdhuru. Kinachomdhuru ni kuacha kabisa kwa mwezi, INR ikapanda, kisha akashindwa na hamu akala siku tano mfululizo, INR ikaporomoka. Isitoshe, mtu anayekula vitamini K kidogo mno huyumba zaidi, kwa kuwa hana akiba, na badiliko dogo tu la chakula linamtikisa. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa ambao INR zao zilikuwa hazitulii mikrogramu 150 za vitamini K kila siku, na INR za wengi wao zikatulia kuliko za wale waliopewa kidonge kitupu; tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, kwa hiyo sishauri mnunue vidonge vya vitamini K, ila nalitaja ili uone kwamba adui si vitamini yenyewe. Waambieni kliniki kwamba mama atakula mboga za majani kwa kiasi kinachofanana kila wiki, na dozi ipangwe juu ya ulaji huo. Kumkataza mtu wa Tandahimba mboga za majani maisha yake yote ni kumwandikia sharti ambalo atalivunja.

Ugumu halisi kwetu ni misimu, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Mvua zikishaanza, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde na kisamvu kichanga vimejaa kila mahali na ndiyo kitoweo cha kila siku. Kiangazi kikifika, mboga zinaadimika, watu wanarudi kwenye dagaa, samaki na kunde. Mgonjwa ambaye dozi yake ilipandishwa Februari kwa sababu INR imeshuka anaweza kujikuta Agosti ana INR ya juu bila kubadilisha kidonge hata kimoja. Ushauri wangu ni mama apimwe wiki mbili au tatu baada ya ulaji wa nyumbani kubadilika kwa msimu, hata kama tarehe yake ya kliniki bado. Ndivyo ilivyo pia katika mwezi wa Ramadhani, kama ni mfungaji na daktari amemruhusu: kidonge kinabaki kile kile baada ya futari, lakini chakula kimebadilika, na kipimo kimoja katikati ya mwezi ni cha busara. Msimu wa korosho una jambo lake. Mabibo kama tunda hayana tatizo. Uraka na nipa, yaani pombe za mabibo, ni suala jingine: pombe nyingi kwa mara moja huipandisha INR, unywaji wa kila siku unaweza kuivuruga upande wowote, na mlevi huanguka.

Umeuliza pia kama ipo mitishamba inayoufaa moyo. Ninayoweza kuitaja kwa moyo mweupe ni choya. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, watu wenye presha iliyopanda kidogo walikunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita, na presha yao, ile namba ya juu, ilishuka kwa milimita 7 hivi za zebaki. Ni nafuu ndogo lakini ya kweli. Kwa mama, kikombe kimoja kwa siku bila sukari nyingi kinatosha, mradi kliniki wajue na presha yake isiwe tayari iko chini kwa dawa. Shubiri na mitishamba mingine ya kuharisha simshauri hata kidogo: kuharisha hupoteza potasiamu, na kama pamoja na warfarini anameza digoksini au dawa ya kukojoza, upungufu wa potasiamu unaweza kuyavuruga mapigo ya moyo. Habasoda na karafuu za kwenye chakula ziendelee. Mafuta na unga wake wa kumeza kama dawa viachwe.

Nisije nikaonekana naishtaki mitishamba peke yake, ni lazima niseme kwamba duka la dawa lililo jirani yenu lina vitu vya hatari zaidi kwa mama kuliko sokoni. Flagyl na Septrin, ambazo watu hununua bila cheti wakiumwa tumbo au kukohoa, hulizuia ini lisiivunje warfarini, na INR inaweza kupanda vibaya ndani ya siku chache. Flukonazoli ya fangasi nayo hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake na kuishusha. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinajeruhi tumbo na kuzigusa chembe sahani, na sindano ya diklofenaki ya msuli inaweza kuacha uvimbe mkubwa wa damu pajani. Kwa maumivu atumie parasetamoli, na kama ataihitaji kila siku kwa zaidi ya siku tatu nne, kliniki waambiwe. Homa kali, kuharisha na kukosa hamu ya kula navyo hupandisha INR bila dawa yoyote kuongezwa. Akienda kung'oa jino aseme kwanza anatumia nini.

Kuhusu vidonge vipya, jibu ni kwamba vipo, lakini havimfai mama. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wagonjwa wenye valvu za chuma, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha madonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko warfarini, hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, waliokuwa na mapigo yasiyo na mpangilio na valvu zilizoharibiwa na homa ya utotoni inayoanzia kooni. Waliopewa rivaroksabani, kidonge kingine kipya, walifariki wengi kuliko waliotumia dawa za kundi la warfarini. Vidonge hivyo vinawasaidia sana wagonjwa wa aina nyingine, na ndiyo maana mtawasikia watu wakivisifu, lakini mwenye valvu ya chuma anabaki na warfarini. Kesho, baada ya kutolewa damu, ombeni mpewe tarehe ya kupima tena baada ya wiki moja, kwa sababu unga ukishaachwa INR inaweza kusogea tena, juu au chini, wakati mwili unarudi kwenye hali yake ya mwanzo.